Maji safi chooni, maji ya sabuni bustanini: uchambuzi wa bustani iliyokufa Nala

Nyumba ipo Nala, ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Singida. Wanaishi watu saba: baba, mama, watoto wanne, na bibi mzaa baba aliyehamia kutoka Bahi. Paa ni la bati, mita za mraba 48. Choo ni cha kumwaga maji kwa kopo. Bomba halitoi kila siku, kwa hiyo nyumba inaendeshwa kwa maji ya kisima cha jirani: madumu 12 ya lita 20 kwa siku, yaani lita 240, ambazo ukizigawa ni kama lita 34 kwa mtu. Huo si ufujaji.

Familia iliamua kuishi kwa kubana: mboga isinunuliwe, na kitu kisitupwe. Wakalima matuta matatu ya kuinuka, kila moja mita moja kwa nane, jumla mita za mraba 24. Maji yote yaliyokwisha kutumika yalikwenda huko, ya kufulia yakiwamo. Majivu ya jikoni yalinyunyizwa huko. Samadi ya mbuzi kutoka zizi la jirani ilimwagwa huko. Walipanda Februari, na mpaka Mei mchicha, figiri na majani ya maboga yaliwatosha karibu wiki nzima. Agosti majani yakaanza kuungua kingo. Ilipofika Oktoba yalibaki matuta matatu ya udongo mgumu wenye ukoko mweupe, na mabua ya mchicha yaliyokaukia kwenye urefu wa kiganja.

Bibi ndiye aliyesema neno la kwanza lenye maana. "Mwanangu, ardhi hii hainywi tena. Unaimwagia, inakutazama tu." Mama wa nyumba akamjibu, "Sasa mama, nimwage nini kingine? Maji ndiyo haya." Majirani walidhani ni wadudu, na mmoja akashauri wapulize dawa. Dawa isingesaidia chochote.

Tunakichambua kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila walichofanya ni ushauri ambao watu wanapeana kila siku, na kila ushauri ukiwa peke yake una ukweli ndani yake. Ila vyote vilikutanishwa kwenye mita 24 za udongo, katika mji ambao mvua inanyesha msimu mmoja tu.

Majani yalivyokuwa yakisema

Kulikuwa na dalili tatu, na kila moja ina chanzo chake. Kuzichanganya ndiko kunakowapoteza wengi.

Ya kwanza ni kingo za majani makubwa kuwa kahawia na kukauka kama karatasi iliyopitishwa motoni, huku katikati ya jani kukiwa bado kibichi. Hiyo ni chumvi. Mmea unavuta maji, maji yanatoka kwenye jani kama mvuke, chumvi inabaki mwishoni mwa safari, yaani ukingoni.

Ya pili ilikuwa kwenye majani machanga ya juu: manjano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikiwa ya kijani. Mmea unakosa madini ya chuma. Si kwamba udongo hauna chuma; udongo ukishakuwa na magadi mengi, chuma kinafungwa na mizizi haikipati. Majivu yanahusika hapa moja kwa moja, kwa sababu maji yaliyopita kwenye majivu ni makali kiasi kwamba wazee walikuwa wakiyatumia kutengenezea sabuni.

Ya tatu haikuwa kwenye mmea kabisa. Ilikuwa kwenye udongo: maji yanasimama juu, yanachukua nusu saa kuzama, na yakikauka udongo unapasuka vipande vigumu kama vigae. Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo aliyoiona bibi.

Kuithibitisha hakuhitaji maabara. Chukua bonge dogo la udongo mkavu kutoka kwenye tuta, la ukubwa wa punje ya njegere. Mimina maji ya mvua kwenye glasi ya kioo, tumbukiza bonge taratibu, kisha usiiguse wala kuitikisa glasi. Ngoja saa mbili, halafu tazama tena baada ya saa 20. Kama bonge limemeguka na kulala chini lakini maji yamebaki maangavu, udongo wako una njaa ya mboji tu. Kama kumetokea ukungu unaolizunguka bonge, mfano wa tone la maziwa linapoanza kuenea kwenye chai ya rangi, na ukungu huo ukazidi mpaka chini ya glasi hupaoni, udongo wako wa mfinyanzi umejaa sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi ya kula na magadi: chembe zake zinasukumana, zinaelea, na zikitulia zinaziba kila tundu la kupitishia maji na hewa. Udongo wa matuta yote matatu ya Nala ulitoa ukungu ndani ya saa mbili. Udongo wa nje ya ua, hatua kumi tu kutoka hapo, haukutoa.

Tahadhari moja ambayo wengi huikosa: jaribio hili lisifanywe kwa maji ya kisima. Chumvi iliyomo kwenye maji hayo inazizuia chembe kutawanyika, na glasi itakudanganya kwamba udongo ni mzima. Kama huna maji ya mvua, tumia maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Hayo ni tofauti na ile asidi ya betri. Soma chupa vizuri.

Hesabu iliyokuwa haijapigwa

Nyumba hiyo ilifua mara tatu kwa wiki, kila mara ikitumia gramu 250 za sabuni ya unga na madumu sita ya maji. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni wiki 26. Gramu 750 kwa wiki, mara 26, ni kilo 19 na nusu za sabuni ya unga zilizoishia kwenye mita za mraba 24. Weka mifuko hiyo mezani kichwani mwako, halafu fikiria kumwagia mchicha.

Sabuni ya unga si kitu kimoja. Sehemu kubwa ya uzito wake huwa ni vijazio, navyo ni chumvi za sodiamu: magadi ya soda, ambayo asilimia 43 ya uzito wake ni sodiamu, na sodiamu salfeti, ambayo ni asilimia 32. Sabuni ya mche nayo ina sodiamu, lakini sabuni halisi haizidi asilimia 7 au 8. Kwa hiyo swali la kwanza kwa nyumba inayotaka kumwagilia maji ya kufulia si bei ya sabuni, ni aina yake.

Juu ya hapo kuna kisima chenyewe. Visima vingi vya kanda ya kati vina maji magumu, na vingine vina chumvi unayoionja. Maji yenye ladha ya chumvi ya mbali huwa na kama gramu moja kwa lita. Kwa lita 70 zilizomwagwa bustanini kila siku, miezi sita, ni zaidi ya kilo 12 za chumvi, hata kabla hujagusa sabuni.

Na samadi. Zizi la mbuzi lisilonyeshewa miezi saba linahifadhi mkojo wote uliokaukia humo. Samadi hiyo ikichotwa Septemba na kumwagwa moja kwa moja, unapeleka chumvi nyingine kwenye tuta. Samadi ile ile ikilundikwa nje ikanyeshewa ni mali safi. Tofauti ni mvua tu.

Lakini kosa lililoyabeba yote lilikuwa la ukubwa. Upepo na jua la Dodoma kuanzia Septemba hadi Novemba hunyonya milimita 5 na zaidi kwa siku kutoka kwenye tuta lililopandwa, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba. Mita 24 zinataka lita 120 kwa siku. Nyumba ilikuwa na lita 70: kama 51 za kufulia kwa wastani, na 20 za vyombo, mboga na kunawa. Wakazitawanya kote ili kila tuta lipate. Matokeo yake maji hayakuzama zaidi ya urefu wa kidole, chumvi haikupata pa kwenda, na jua likawa linaivuta juu kila mchana. Ukoko ule mweupe ulitokana na hapo. Matuta ya kuinuka yakazidisha, maana yanakaukia pande zote. Tuta la kuinuka linafaa penye maji mengi. Kwenye ukame tuta huzamishwa.

Jambo moja linatuuma zaidi katika kisa hiki. Wakati wote huo choo kilikuwa kikimwagiwa maji safi ya dumu. Watu saba, mara tatu kwa siku, lita tatu kila mara: lita 63. Maji safi yaliingia shimoni, maji ya sabuni yakaingia kwenye chakula.

Marekebisho

Hatua ya kwanza haikugharimu kitu, ni kugeuza njia za maji. Kila siku ya kufua, madumu sita yakawa makundi matatu. Mawili ya povu na mawili ya suuza ya kwanza huenda kwenye pipa lenye mfuniko karibu na choo, kwa kazi ya choo tu. Hizo ni lita 80 mara tatu kwa wiki, kama lita 34 kwa siku, na ndizo zilizopunguza maji safi ya choo kwa zaidi ya nusu. Kwa mwezi ni lita 1,000 zilizookolewa: unit moja kamili ya mita ya maji, au madumu 50 kwa anayenunua kwa dumu. Pipa lifunikwe kwa sababu ya mbu, na limalizwe kabla ya siku ya kufua inayofuata, maana maji ya kufulia yakilala siku nne yananuka vibaya.

Madumu mawili ya suuza ya mwisho huenda bustanini, pamoja na maji ya kuoshea mboga, mchele na kunawa. Jumla ni lita 37 hivi kwa siku. Humwagwa kwenye udongo, si juu ya majani, na siku hiyo hiyo. Maji ya nguo za mtoto mchanga hayaingii bustanini kwa hali yoyote. Wala maji ya sufuria ya mlenda au maharage yaliyotiwa magadi; watu husahau kwamba magadi ya jikoni ni sodiamu ile ile.

Sabuni ya unga ilibadilishwa na ya mche kwa nguo za kila siku. Hapa kuna kikwazo cha kweli: kwenye maji magumu sabuni ya mche haitoi povu upesi, inatoa utando wa kijivu na kuisha haraka. Dawa yake ni kulowekea na kufulia kwa maji ya mvua pale yanapokuwapo, na kuacha kisima kwa kusuuzia.

Majivu yalihamishwa. Kiasi huenda chooni kuua harufu, kiasi hubaki cha kusugulia masufuria, na yaliyochekechwa huhifadhia mbegu za kunde: majivu na kunde karibu sawa kwa sawa kwenye dumu kavu, na juu tabaka la majivu la vidole viwili. Wadudu wa kunde hawapenyi humo.

Kisha udongo wenyewe. Sodiamu haiondoki kwa maji peke yake, kwa sababu udongo ulioziba haupitishi maji. Lazima kwanza kitu kingine kikalie nafasi yake. Kitu hicho ni kalsiamu, na chanzo chake cha bei nafuu ni jasi. Mawe ya jasi yanachimbwa Itigi mkoani Singida. Inayotakiwa ni jasi ya kilimo iliyosagwa bila kuchomwa. Ule unga wa kuskimia kuta haufai, umechanganywa na gundi na vitu vingine. Chokaa pia haifai, kwa sababu kwenye udongo wenye magadi haiyeyuki vya kutosha, na inazidisha ukali.

Kipimo kilikuwa kilo moja kwa mita ya mraba, kilo 24 kwa matuta yote. Mwanzoni mwa Desemba yalibomolewa, udongo ukatifuliwa kina cha sentimita 20, jasi ikatandazwa na kuchanganywa, kisha yakajengwa upya kwa kuzama: uso wa tuta ukawa sentimita 20 chini ya njia, na kingo zimeshindiliwa. Lita moja ya maji huyeyusha kama gramu 2.4 tu za jasi, hivyo kilo 24 zinahitaji lita 10,000. Ndiyo maana kuweka jasi Julai na kumwagilia kwa kopo ni kupoteza fedha. Kazi hii ni ya masika.

Na maji ya masika yalikuwapo, yakipotelea njiani kila mwaka. Milimita moja ya mvua kwenye mita ya mraba ya bati ni lita moja. Dodoma hupata kama milimita 550 kwa mwaka. Paa la mita 48, ukitoa moja ya tano inayorukia nje na kukauka, hutoa lita 21,000. Gata ziliwekwa upande mmoja, kisha upande wa pili mwezi uliofuata, zikiingia kwenye simtanki la lita 2,000. Simtanki hilo hujazwa na milimita 52 tu, yaani mvua mbili tatu nzuri. Bomba la kumwaga ziada likaelekezwa kwenye matuta badala ya barabarani. Mvua ya kwanza kabisa ya msimu iliachwa yote ipite nje, kwa sababu bati lilikuwa limebeba vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege.

Kanuni ya kusafisha chumvi ni hii: kina cha maji kinacholingana na kina cha udongo, yakipita kwelikweli mpaka chini, huondoa kama asilimia 80 ya chumvi. Kwa sentimita 30 za udongo kwenye mita 24 ni lita 7,200. Paa liliweza. Miezi hiyo matuta hayakupandwa mboga laini. Yalipandwa kunde kwa kutawanya, ili mizizi itoboe njia na majani yachumwe.

Samadi ililundikwa nje ya ua, kipimo kimoja kwa vitatu vya mabua ya mtama na majani makavu, ikanyeshewa na kugeuzwa kila wiki mbili. Mwishoni mwa Aprili kila mita ya mraba ilipata debe moja. Matandazo yalisumbua: mabua mazima yaliliwa na mchwa ndani ya wiki tatu. Maganda ya karanga yaliyotandazwa kwa unene wa kidole kimoja yalidumu zaidi, na yakiisha huongezwa.

Mboga ya Oktoba huchumwa Machi

Lita 37 kwa siku, kwa lita 5 kwa mita, hulisha tuta moja la mita nane. Basi kiangazi hulimwa tuta moja. Mchicha na spinachi hustahimili chumvi kidogo. Maharage, karoti na vitunguu hapana, visipoteze maji yako. Mita nane hazilishi watu saba, na hapa ndipo bibi alipochukua uongozi, kwa sababu Wagogo hawajawahi kutegemea bustani ya Oktoba. Wanakausha.

Majani ya kunde huchumwa machanga asubuhi, huoshwa, hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka dakika mbili mpaka tatu, hukamuliwa na kutandazwa kwenye uteo au chekecheke juu ya kichanja kivulini penye upepo. Juani yanakauka haraka lakini yanafifia rangi na kupoteza vitamini A nyingi. Siku mbili au tatu zinatosha; yakivunjika kwa sauti mkononi yamekauka, yakijikunja bado. Kilo kumi mbichi hutoa kilo moja na kidogo. Mlenda huanikwa bila kuchemshwa, hutwangwa, hufungwa kwenye ndoo kavu. Kinachoharibu ni haraka: jani lenye unyevu likifungiwa huota ukungu ndani ya wiki, na akiba nzima hutupwa. Karanga za kuungia zichambuliwe moja moja, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe, zisipewe hata kuku. Mlipuko wa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga, uliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ulihusishwa na mahindi yaliyoliwa nyumbani.

Msimu huo nyumba iliweka ndoo mbili za majani ya kunde na ndoo moja ya mlenda.

Mei jaribio la glasi lilirudiwa, matuta matatu, glasi tatu kwenye dirisha la jikoni. Kwenye mbili bonge lilimeguka na maji yakabaki maangavu hata kesho yake. Ya tatu, kutoka tuta lililo jirani na karo la zamani la kufulia, ilitoa ukungu mwembamba chini. Tuta hilo limeachwa bila mboga. Limepandwa mlonge mmoja mwishoni, na litapewa nusu kilo nyingine ya jasi kwa kila mita kabla ya mvua za Desemba.